Safari Aliyomnyima Mumewe

Mama mwenye nyumba alichukia bunduki kuliko alivyochukia baridi, na baridi aliichukia kiasi kwamba mwezi wa tano, majirani wakipita mtaani kwetu Columbia Heights na kaptura, yeye alikuwa bado na soksi mbili mbili miguuni. Kwa hiyo siku niliporudi kutoka chuoni nikamkuta mezani jikoni, miwani imeshuka puani, bunduki ya marehemu mumewe imelazwa juu ya gazeti mbele yake naye anaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, nilisimama mlangoni, viatu mkononi, nisijue niamkie au nikimbie.

"Ingia, unaleta mbu," alisema. "Haina risasi. Nimehakikisha."

"Shikamoo, Mama. Unaiuza?"

"Marahaba. Siiuzi. Nakwenda nayo kuwinda."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilipanga chumba cha juu kwake tangu nilipofika Minnesota kutoka Nakuru kuja kusoma, mpaka nilipopata kazi na kuhamia mji jirani wa New Hope. Jina lake nililijua, lakini hakuna mpangaji aliyelitumia. Tulikuwa Wakenya wawili, Mtanzania mmoja, na Mkongomani aliyemwita "maman" hata akiwa amemkasirikia, na kwa sisi wote alikuwa Mama mwenye nyumba. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Akitaka jambo lifanyike alisimama chini ya ngazi na kutangaza, "Mama mwenye nyumba anasema bafu lisuguliwe," kana kwamba mama huyo ni mtu mwingine mkali zaidi, aliyejificha chumbani.

Alikuwa Mtanzania, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa Mzungu wa hapa hapa Minnesota, seremala, aliyefundisha useremala kwenye shule ya misheni kule Tanzania ujanani mwake, akarudi na mke na Kiswahili safi kuliko changu. Nikisema "nime-park gari nyuma" aliniangalia kwa huruma na kuniambia, "Umeliegesha, binti yangu. Gari huegeshwa." Mimi msichana wa Nakuru, nasahihishwa Kiswahili na Mzungu aliyevaa kofia ya kuvulia samaki.

Mzee huyo alikuwa na ndoto moja, nayo ilikuwa mnyama. Huku wanamwita moose. Ni mkubwa kama farasi, ana miguu mirefu isiyolingana na mwili, pua iliyoning'inia, na dume lake lina pembe pana kama masinia mawili. Paa wa kawaida Mzee aliwinda kila Novemba na mdogo wake, lakini moose alitaka kumwinda mbali, kaskazini ng'ambo ya mpaka wa Kanada, mahali pasipo na barabara. Kulikuwa na mtu kule aliyekuwa na vibanda kando ya maziwa, kazi yake kupokea wawindaji, kuwapeleka kwa ndege ndogo inayotua juu ya maji, na kuwaongoza porini. Mzee alimwita mwenye kambi. Walizungumza kwa simu miaka na miaka bila kuonana. Kila mwaka Mzee aliweka nafasi, na kila mwaka nafasi ilisogezwa mbele.

Lililoisogeza lilikuwa neno moja la mkewe: tutaona.

Sijapata kumjua mtu aliyeweza kufanya kazi nyingi namna ile kwa neno dogo namna ile. Ukimwuliza Mama kama unaweza kuleta mgeni Jumamosi, alisema tutaona, na mgeni hakuja. Ukimwomba rangi mpya ya chumba, tutaona, na ukuta ukabaki vilevile. Hakuwa mtu wa kukataa, wala sikumsikia hata mara moja akimkatalia Mzee. Mzee angetandaza ramani mezani baada ya chakula, aonyeshe ziwa kwa kidole, aseme, "Mke wangu, twende wote. Utapenda kule." Naye angekusanya sahani akisema, "Mwaka huu mama yangu anakuja. Mwaka kesho tutaona." Mwaka uliofuata ni paa la nyumba. Uliofuata ni sherehe ya kwaya, na kwaya bila sauti yake nzito isingesimama. Mzee alikunja ramani taratibu, akifuata mikunjo ya zamani.

Kisha, mwishoni mwa kipupwe kimoja, Mzee alianguka kazini na moyo wake haukupiga tena. Mama alianguka mara moja tu, kanisani, tukamshika.

Mazishi yalipokwisha watu walishuka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kunywa kahawa na kula mikate yenye nyama. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Mdogo wake Mzee, ambaye Mama alimwita shemeji kwa Kiswahili ingawa hakukijua, alikuja kutoka mji wa Champlin amevaa suti inayombana mabega. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyonayo aliyatoa pale, akiwa amesimama mbele ya mjane, sahani mkononi.

"Alitaka wiki moja tu," alimwambia kwa Kiingereza. "Miaka yote ile. Wiki moja."

Akaenda kuweka sahani yake. Mama alibaki ameshika mkono wa kiti. Hakulia. Aliniambia kahawa imepoa, nilete nyingine.

Tangu siku ile neno tutaona halikusikika tena katika nyumba ile. Sisemi kwamba alilipunguza. Alilifuta. Tulianza kupata majibu yaliyonyooka mpaka yakatuogopesha. Mgeni Jumamosi? Ndiyo. Rangi ya chumba? Hapana, na sababu ni hii. Mkongomani wetu alipojisahau akalitamka yeye, "Tutaona, maman," Mama aliweka mwiko chini na kumwambia, "Hapa hatuoni. Hapa tunasema." Ndipo nikaelewa kwamba amejihukumu mwenyewe, na kwamba adhabu ameshaipanga.

Adhabu yenyewe ilikuwa safari. Wiki chache baada ya kuisafisha bunduki alimpigia simu mwenye kambi. Alipenda kupiga simu jikoni, akiwa amesimama, spika ya simu imewashwa ili mikono iwe huru kukata vitunguu, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia kila kitu. Siku ile ya kwanza mwenye kambi alimpa pole, kisha akasema nafasi ya mumewe anaweza kuifuta bila matatizo yoyote.

"Usiifute," Mama alisema. "Andika jina langu."

"Mama, umewahi kuwinda?"

"Sijawahi hata kufuga kuku."

"Kule ni porini kweli. Hakuna umeme, choo ni cha nje, baridi..."

"Baridi najua. Andika jina langu. Na shemeji yangu aandikwe pia, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kwenda na marehemu."

Shemeji alikuwa hajaambiwa. Alipoambiwa alikuja na pikapu yake, akasimama uani bila kuzima injini, akasema hapana. Alisema kule si mahali pa kwenda kulilia mtu. Mama alimsikiliza, kisha akamwambia, "Wewe ulisema wiki moja. Mimi nimeweka wiki moja. Sasa unataka nini kwangu?"  Shemeji akazima injini, akaingia kunywa chai.

Maandalizi yalichukua zaidi ya mwaka, na katika muda huo nilimjua Mama kuliko nilivyomjua miaka yote ya awali. Ilibidi kwanza apate cheti cha mafunzo ya bunduki. Darasa lilifanyika jioni kwenye ukumbi wa klabu ya wawindaji, na wanafunzi wenzake wote walikuwa watoto walioletwa na baba zao. Mama alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani. Aliporudi siku ya mtihani alitupa mkoba kwenye kochi na kusema, "Nimefaulu. Yule wa pembeni yangu alikuwa ananiibia majibu."

Kisha ikawa uwanja wa shabaha, Jumamosi kwa Jumamosi, na shemeji. Bunduki ya Mzee ilipiga kwa nguvu, na kitako chake kiliacha madoa ya zambarau kwenye bega la Mama. Kazini muuguzi mwenzake akaliona bega wakati wa kubadili nguo, akafunga mlango, akamwuliza kwa upole nani anampiga nyumbani. "Mume wangu," Mama alijibu bila kufikiri, halafu ikabidi akae chini aeleze habari ya bunduki, na akieleza akaanza kulia, na yule mwenzake hakuelewa chochote isipokuwa kwamba mambo ni mabaya kuliko alivyodhani.

Ndege ndogo haibebi mizigo ovyo, kwa hiyo rubani alitaka uzito wa kila abiria. Jioni moja mwenye kambi aliuliza swali hilo shemeji akiwa mezani anakunywa supu.

"Andika kwamba ni mwanamke aliyelishwa vizuri," Mama alisema.

"Rubani anataka namba, mama."

"Basi subiri huyu atoke nje."

Shemeji alichukua bakuli lake, akatoka barazani, akafunga mlango. Kupitia kioo nilimwona mabega yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona akicheka.

Mambo yale yote yalikuwa na vichekesho vyake, nasi wapangaji tulivifurahia kwa siri. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na sitaki kukificha kwa kusimulia vichekesho tu. Mama hakuwa akiburudika. Alikuwa anajilazimisha. Kila usumbufu aliupokea kama haki yake: bega, mabuti ya mpira yanayopanda mpaka kifuani, mazoezi ya kutembea na mzigo mgongoni kuzunguka ziwa la mtaani kwenye mvua. Mwenye kambi alipomweleza kwamba wawindaji wengine hulala hotelini mjini usiku wa mwisho kabla ya kuruka, alikataa. Nilimwuliza kwa nini. "Yeye angelala kwenye gari," alisema.

Kanisani walinong'ona. Tulikuwa na ibada ya Kiswahili Jumapili moja kila mwezi, katika ukumbi wa kuazima, na akina mama wa Kenya waliokuwa wakimheshimu walianza kuniita pembeni. "Huyu mama ako sawa kweli?" mmoja aliniuliza. "Mjane na bunduki? Ame-lose it, ama ni grief tu?" Nilisema ni msiba. 

Jibu lenyewe alinipa Mama siku tuliyokuwa tunapaka mabuti yake ya ngozi dawa ya kuzuia maji, kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa ananiambia habari za choo cha nje, halafu akarudi kupaka buti lile lile lililokwisha kupakwa.

"Kuna mwaka alikaribia kwenda," alisema. "Kabla hujaja. Mizigo ilikuwa ndani ya gari, nguo za baridi amevaa. Mimi nikaanguka hapo jikoni, sakafuni. Kizunguzungu."

"Pole, Mama. Ilikuwa presha?"

"Haikuwa kitu. Nilijiangusha."

Nililiweka chini buti nililokuwa nalo.

"Mimi ni muuguzi. Najua mtu mwenye kizunguzungu anasema nini, anashika wapi. Alinibeba mpaka garini, juu ya mizigo yake. Siku nzima alikaa na mimi hospitali wakinipima. Hawakuona kitu, na jioni tukarudi, akashusha mizigo moja moja. Hakuniuliza swali hata moja. Alinipikia uji."

"Kwa nini, Mama?"

"Niliogopa." Akafikiri. "Ndege ndogo, maji, bunduki. Niliogopa kubaki mjane ugenini. Sasa niangalie."

Alisema maneno hayo ya mwisho bila uchungu, kama anayeniambia saa. Akachukua buti la pili. Aliniomba nisimwambie shemeji, nami sikumwambia.

Baada ya hapo nilimsikia kwa sikio jingine. Mwenye kambi alikuwa amemweleza kwamba wakati wa majira ya kupandana, moose dume huitwa kwa kuigiza sauti ya jike: mwito mrefu, wa chini, unaopanda kidogo kisha kufifia. Alimfundisha kwa simu. Mama aliweka mikono mdomoni na kuimba ule mwito jikoni, na mwenye kambi akamkosoa kutoka Kanada: "Tena. Huyo jike bado ana adabu mno. Mfanye awe mpweke." Baadaye Mama alihamia gereji ili asitusumbue. Jioni moja nilipita pale, nikausikia mwito, mrefu, ukikatika, ukianza tena, ukikatika. Nilisimama mkono ukiwa kwenye kitasa. Sikuweza kujua kama ni mazoezi au kilio, na nadhani naye hakujua. Sikufungua. Jirani, bibi mmoja wa Kipolandi, alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio na kikapu cha nyanya. Akanitazama, akakiweka kikapu chini, akaingia kwake.

Nilihamia New Hope Agosti ile, kabla hawajaondoka. Septemba nilisikia wameondoka, Oktoba nikasikia wamerudi, na pikapu ilionekana Columbia Heights ikiwa na pembe nyuma. Nilikusudia kwenda. Kazi mpya, zamu za usiku, theluji, mambo ya kawaida. Kiangazi kilichofuata ndipo nilipokwenda, kuchukua sanduku la nguo zangu lililobaki kwenye chumba cha chini.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amepungua, na miguu ilikuwa mitupu ndani ya kandambili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alinikumbatia, akaniambia nimekonda, akanikalisha. Chakula kilikuwa ndizi na nyama nyeusi iliyopikwa taratibu kwa nazi.

"Ni yeye?" niliuliza.

"Ni yeye. Vimebaki vipande vichache kwenye friza. Kula."

Nyama ilikuwa laini, tamu kuliko nilivyotegemea. Nilikula, naye akasimulia.

Ndege iliwaacha kando ya ziwa na kuondoka, na kimya kilichobaki, alisema, kilimfanya asikie damu yake masikioni. Siku za kwanza mvua ilinyesha mfululizo. Mwenye kambi alikaa kibanda cha pili, na yeye na shemeji wakabaki wawili, jiko la kuni katikati. Siku ya pili au ya tatu Mama hakuweza tena kuificha siri yake. Alimweleza shemeji habari ya kizunguzungu, yote, mpaka uji.

"Nilidhani atatoka nje akae mvuani," alisema. "Aliweka kikombe chini. Akaniambia, 'Alijua.'"

"Nani alijua?"

"Marehemu. Siku ile ile alimpigia mdogo wake kutoka simu ya hospitali. Alimwambia, 'Haumwi. Anaogopa tu. Mimi nitakaa naye, safari ipo.'" Mama alizungusha kikombe chake mezani. "Alijua, akanyamaza. Akanipikia uji akijua. Miaka yote ile nikimwangalia usoni nikidhani namficha."

"Basi alikusamehe, Mama."

"Ndiyo shida yenyewe. Kama angenigombeza, ningeomba radhi, yakaisha. Alinisamehe bila kuniambia, sasa nimwombe nani? Nilimkasirikia marehemu usiku kucha, Mungu anisamehe." Akanisogezea ndizi. "Shemeji naye akaanza kuomba radhi kwa yale maneno ya siku ya mazishi. Nikamwambia ayaache. Yalikuwa kweli."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na majani yameshika barafu nyembamba. Mwenye kambi aliwapeleka kwa mtumbwi hadi mwisho wa ghuba, na Mama akaita. Hakuna kitu. Akaita tena. Walisubiri mpaka vidole havina hisia. Kisha miti ikasogea, na mnyama akatoka, akaingia majini mpaka magotini, pembe zikidondosha maji, akasimama na kusikiliza. Shemeji angeweza kupiga yeye. Alimgusa Mama kiwiko, akateremsha bunduki yake.

"Nikapiga," alisema. "Akatembea hatua chache, akalala. Nilikwenda nikaweka mkono shingoni kwake. Bado alikuwa wa moto. Nilimwambia pole, kwa Kiswahili."

Kazi ya kumchuna na kumkata iliwachukua mchana kutwa. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi wa kisu kuliko wote watatu. Walibeba minofu mabegani mpaka mtumbwini, wakarudi, wakabeba tena. Walikula ini lililokaangwa kwa vitunguu, wamesimama, bila sahani. Jua lilitoka, ziwa likageuka rangi ya shaba, ndege fulani akalia upande wa pili, mwenye kambi akasema jambo la kipuuzi kuhusu ule mwito wake wa jike, na Mama akacheka mpaka akashika mti.

Alipofika hapo aliacha kusimulia. Nilidhani amemaliza.

"Unajua kilichonitisha?" aliuliza. "Si damu. Damu nimeizoea. Kuanzia alfajiri mpaka tunanawa mikono, sikumkumbuka. Hata mara moja. Nilikwenda kule kwa ajili yake, nikasumbua watu mwaka mzima kwa ajili yake, na siku yenyewe ilipofika nilikuwa nipo tu. Nina njaa. Nina furaha. Nimekuja kulala ndipo nikakumbuka kwamba sikumkumbuka." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Kulikuwa kuzuri mno, binti yangu. Kuzuri kuliko alivyosema. Laiti ningejua."

Nilimwona Mzee mezani pale, kidole juu ya ramani, akisema twende wote. Sikukusudia kusema, lakini nikasema.

"Alikuambia, Mama."

"Aliniambia," aliitikia. "Kila mwaka aliniambia."

Tulikaa. Nje mtu alikuwa akikata nyasi.  Mwishowe, kwa sababu sahani yangu ilikuwa tupu, niliuliza kama anadhani ataweza kurudi kule siku moja.

Uso wake ukabadilika. Mama mwenye nyumba, aliyetutangazia maagizo chini ya ngazi kwa sauti ya kwaya, alitazama dirishani kama msichana aliyekutwa na kitu mfukoni.

"Nimeshampigia mwenye kambi," alisema polepole. Akainuka upesi na sahani yangu, akanipa mgongo kwenye jiko, akaniongezea nyama ambayo sikuwa nimeiomba.